Herbert Baker: kipaji au koneksheni?

Kipimamaji (mleta mada)
Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Pretoria mwaka wa nne huu, kazi zangu ni vigae na lipu. Nikipata nafasi huwa napanda bustani za Union Buildings, lile jengo la serikali juu ya kilima, wengi mnalijua tangu Mandela alipoapishwa pale tarehe 10 Mei 1994. Leo nikamuuliza mlinzi nani alilichora, akasema Herbert Baker, Mwingereza.

Nimerudi geto nikaperuzi. Huyo huyo kachora ofisi za serikali New Delhi. Huyo huyo kaijenga upya Benki Kuu ya Uingereza pale London. Huyo huyo kapewa Ikulu ya Nairobi. Mtu mmoja!

Hoja yangu: hiki si kipaji, ni koneksheni. Jamaa alitua Cape Town 1892, umri miaka kama 30, hana jina lolote. Akakutana na Cecil Rhodes, yule tajiri wa almasi na mwanasiasa wa Kiingereza, basi, milango yote ikafunguka. Anayebisha aje na hoja, sitaki matusi.

Nyundo
Nimewahi siti ya mbele. Kahawa na kashata ziletwe.

Lori_Tunduma
Mkuu, umemsahau Zanzibar. Si ndiye aliyejenga Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lile jumba la makuba? Na sanamu ya Askari pale Posta Dar ni yake pia, nilisimuliwa.

Binti Shangani
Kaka Lori, shusha mzigo kidogo. Beit el Amani ni ya John Sinclair, lilifunguliwa 1925. Sinclair ni Mwingereza mwingine kabisa, alikuwa ofisa wa serikali Unguja hadi akawa Mkaazi wa Kiingereza, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza pale. Jengo la Mahakama Kuu pale Vuga ni lake pia. Hata Ikulu ya Dar ilivyojengwa upya 1922 baada ya ile ya Mjerumani, anayetajwa ni yeye.

Na Askari ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Baker hayumo. Nakupenda lakini hiyo ni chai.

Lori_Tunduma
Nimeinywa hiyo chai miaka ishirini, dada. Asante.

Kalamu_na_Rula
Mleta mada, salamu. Mimi ni msanifu majengo, nimestaafu, nina muda. Umekata kona nyingi mno.

Baker alizaliwa 1862 Cobham, kijiji cha Kent, kwenye nyumba ya familia inayoitwa Owletts, na alifia humo humo 1946. Ufundi aliuanza 1879 chini ya binamu yake Arthur Baker, kisha akaingia ofisi ya Ernest George na Peto, London. Ile ofisi ilikuwa kama chuo, na ndipo alipokutana na kijana mmoja mcheshi, Edwin Lutyens. Mshikeni huyo Lutyens, atarudi.

Afrika Kusini hakwenda kutafuta tenda. Alimfuata mdogo wake Lionel aliyetaka kulima matunda. Rhodes ndiye akampa nyumba ya Groote Schuur aikarabati. Nyumba ikaungua Desemba 1896, Baker akaijenga tena. Mwaka 1900 Rhodes akamlipia safari ya Misri, Ugiriki na Italia akaangalie majengo ya kale. Hapo nakubali, mkono ulishikwa.

Lakini Rhodes alikufa Machi 1902. Union Buildings imeanza kujengwa 1910. Marehemu alimpigia nani simu?

Nyundo
😂😂 Marehemu alimpigia nani simu. Mleta mada, jibu.

Kipimamaji
Mzee Kalamu, kwani koneksheni inazikwa na mtu? Ukishaingizwa kwenye duara umeingia. Baada ya Rhodes akaja Milner, gavana wa Kiingereza, akamwita Johannesburg.

Patcho_Mstaafu
Naomba niongezee hapa kama Mkenya. Mimi nimesoma Nairobi School, zamani ikiitwa Prince of Wales School, ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu tu. Ni kazi ya Baker. Kitu ninachokumbuka ni zile baraza ndefu zenye nguzo. Mvua ya Aprili inanyesha Kabete mpaka huoni uwanja, na wewe unatembea bila kulowa. Jua likiwaka saa nane, ukuta wa ndani bado ni baridi, tulikuwa tunauegemeza mgongo tukisubiri chakula. Shule niliyofundisha baadaye ilijengwa juzi juzi, bati na vioo kila upande, watoto wanaiva kama viazi. Kwa hivyo mimi nasema alijua kazi.

Tai_Shingoni
Sawa, ila mleta mada usiandike Ikulu ya Nairobi kiholela. Huko mtandaoni utakuta imeandikwa "1907, Herbert Baker". 1907 huyu mtu alikuwa Johannesburg anajengea matajiri wa dhahabu majumba ya Parktown. Kazi zake za Kenya zilikuja enzi za gavana Edward Grigg, aliyekaa 1925 hadi 1930. Nyumba ya gavana Nairobi, ya Mombasa, na hiyo shule ya Patcho. Na aliyekuwa Nairobi akisimamia ni msaidizi wake, Jan Hoogterp. Baker mwenyewe ofisi yake ilikuwa London.

Sasa nikusaidie hoja yako bila kupenda: unajua Grigg kabla ya kuwa gavana alikuwa nani? Katibu wa wadhamini wa mfuko wa Rhodes. Na Rhodes House pale Oxford imechorwa na nani?

Kipimamaji
Mzee Kalamu, simu ya marehemu imepokelewa Nairobi.

Nyundo
Imeita hadi ikapokelewa 😂

Kalamu_na_Rula
Nimekubali hilo la Grigg. Lakini mnachanganya kupata kazi na kuiweza kazi. Nchi hii nimeona vijana wangapi waliopewa tenda na mjomba, jengo likaanza kupasuka kabla ya kukabidhiwa?

MamaK wa Moro
Jamani mimi si mtaalamu, nachangia nilichokiona. 2017 nilimpeleka mama yangu Delhi kwa matibabu, tukakaa wiki saba. Jumamosi moja kijana wa hosteli akatupeleka ile barabara kubwa inayotoka kwenye lango la India. Ukiwa mbali unaliona kuba la Ikulu ya kule, kubwa, limetulia katikati, na huku na huku majengo mawili ya mawe mekundu na ya rangi ya maziwa. Tukawa tunatembea kulifuata. Mama akasema, "We, mbona lile jumba linazama?" Nikadhani ni dawa. Nikaangalia, kweli, kila tukisogea kuba linashuka, linashuka, mwisho tukabaki tunatazama lami tu na yale majengo mawili. Tulipofika juu kabisa likaibuka tena. Mama alicheka siku nzima, akasema nyumba gani ya rais inayomkimbia mgeni.

Ndiyo hayo majengo mawili ya huyo Baker?

Kalamu_na_Rula
Dada MamaK, mama yako ana jicho la msanifu. Hilo jambo liliua urafiki wa miaka zaidi ya 20.

Mfalme George wa Tano alipotangaza Desemba 1911 kwamba makao ya serikali ya India yanahama kutoka Calcutta kwenda Delhi, Lutyens alipewa Ikulu, Baker akapewa ofisi mbili za makatibu, zile ulizoziona, pamoja na Bunge la duara. Mpango wa awali Ikulu ikae peke yake juu ya kilima cha Raisina. Baker akasema hapana, ofisi nazo zipande kilimani, ziwe usawa mmoja na Ikulu. Lutyens akakubali, akatia saini 1913. Ikulu ikasogezwa nyuma, barabara ikapanda katikati ya ofisi. 1916 ndipo Lutyens akang'amua kwamba mgongo wa barabara utalifunika jumba lake. Akataka udongo uchimbwe, mwinuko ulazwe. Kamati ikamjibu gharama, na isitoshe umesaini. Akapanda ngazi hadi kwa wakubwa wa kule na wa London, wapi. Watu hawa wakawa hawasemezani.

Lutyens alikuwa na mzaha usiokauka. Alisema amekutana na "Bakerloo" yake. Waterloo ndipo Napoleon alipopigwa, na Bakerloo ni njia ya treni ya chini ya ardhi London, ilifunguliwa 1906.

Nyundo
Kumbe. Kwa hiyo hata Waingereza wanasaini ramani bila kuisoma.

Mzee wa Tofali
Ndugu zanguni, hilo la mwinuko mimi limenikuta Kibaha. Mchoraji alinipa ramani safi, nyumba inaonekana kutoka barabarani. Hakupima kiwanja. Leo ukisimama barabarani unaona paa na tangi la maji. Mke wangu ananiita Lutyens kuanzia leo.

Kipimamaji
Sasa hapo si ndiyo ushahidi? Fundi mwenye kipaji ni Lutyens. Baker kambana kwa siasa za ofisi.

Tai_Shingoni
Taratibu. Kama ni koneksheni, Lutyens ndiye baba yao. Kamuoa Lady Emily, binti wa Lord Lytton, na Lytton alikuwa mtawala mkuu wa India 1876 hadi 1880. Mkwe wa Viceroy! Na Lutyens mwenyewe ndiye aliyetaka Baker aletwe Delhi wafanye pamoja. Baker naye hakukaa kimya akisubiri, Oktoba 1912 aliandika barua ndefu gazeti la The Times akieleza mji mpya ujengwe vipi. Kazi akaipata.

Binti Shangani
Barua ya maombi ya kazi imechapwa gazetini. Hiyo nayo ni aina ya kipaji.

Lori_Tunduma
Hilo Bunge la duara nimewahi kusikia aliiba ramani kwenye hekalu la kale la Kihindi. Nauliza tu, safari hii sisemi.

Kalamu_na_Rula
Umefanya vyema kuuliza. Hekalu wanalolitaja lipo Mitaoli, jimbo la Madhya Pradesh, na ni duara kweli, lina nguzo kuzunguka. Watu wanaweka picha mbili pamoja wanasema umeona? Lakini Baker alichora kwanza jengo la pembetatu, na aliyeshinikiza duara ni Lutyens. Jengo lina nguzo 144 kwa nje, lilifunguliwa 1927, na Wahindi walilitumia hadi 2023 walipohamia Bunge jipya pembeni yake.

Kahawa_Chungu
Mimi hoja yangu ni nyingine na mnaizunguka. Mnaongelea nguzo na mwinuko, hamsemi majengo yenyewe yalikuwa yanasema nini. Ukutani kwa moja ya hizo ofisi za Delhi kumechongwa maneno ya Kiingereza kwamba uhuru hauwashukii watu, watu lazima wajiinue waufikie, ni baraka ambayo shurti istahiliwe kabla ya kufaidiwa. Mhindi anapita hapo kila asubuhi kwenda kazini anasoma hajastahili.

Na hiyo Union Buildings ya mleta mada. Mabawa mawili, minara miwili pacha, katikati kipande cha nusu duara kinachoyaunganisha. Maana yake? Waingereza na Makaburu wamepatana baada ya vita. Sisi tupo wapi kwenye ramani? Hatupo. Mkubwa anampa kazi mtu anayeielewa nia yake. Baker aliielewa kuliko wenzake. Sihitaji koneksheni wala kipaji kueleza hilo.

Patcho_Mstaafu
Umegonga mahali. Tukiwa kidato cha pili mwalimu wa historia alitupeleka nje akatuuliza: hii shule ilijengwa ili mtoto anayesoma humu ajione nani? Hatukujibu. Sasa najua, ajione gavana.

Kipimamaji
Kahawa, nakubali kuhusu mabawa, hata mlinzi alinieleza hivyo. Ila kuna kitu. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake kama 20,000 walipanda pale kupinga pasi, vile vibali walivyolazimishwa Weusi kutembea navyo, wakasimama kimya kwenye lile nusu duara. Limekaa kama uwanja wa michezo wa Wagiriki, watu wanatosha, sauti inasikika. Hata Mandela aliapishiwa humo. Na sanamu yake ya mita 9, mikono wazi, iko chini kwenye bustani tangu Desemba 2013. Baker hakuwachorea, lakini nafasi aliiacha.

Kahawa_Chungu
Aliwaachia Wazungu nafasi. Wale akina mama waliichukua. Usimpe sifa ya watu wengine.

Mutoto wa Bukavu
Jambo kwa wote. Miye naishi Ubelgiji, karibu na Ieper. Hakuna aliyetaja makaburi? Baker alikuwa mmoja wa wasanifu wakuu watatu wa makaburi ya vita vya kwanza huku, pamoja na huyo Lutyens na Blomfield. Tyne Cot, kule Passendale, ni yake. Makaburi karibu 12,000, mengi hayana jina, na ukuta wa nyuma una majina kama 35,000 ya wasiopatikana miili. Msalaba wa katikati umekaa juu ya ngome ya zege ya Wajerumani, na inasemwa Mfalme George wa Tano ndiye alishauri iachwe. Wameacha kidirisha cha zege kinaonekana, upana kama kiganja mara mbili. Unaweka mkono, ni baridi hata Julai. Sijui koneksheni. Pale mutu hasemi kwa sauti.

MamaK wa Moro
Asante kwa hili. Limenituliza.

Nyundo
Nami leo sina utani kwa hili. Nitarudi.

Geza wa London
Habari wadau. Mimi nafanya usafi wa ofisi usiku, naingia saa nne kasorobo, napanda ngazi za stesheni ya Bank, na jengo la kwanza machoni ni Benki Kuu. Ukuta wa nje wa chini, usio na madirisha, ni wa Sir John Soane, yule wa karne ya 18 na 19. Ndani Soane alikuwa na kumbi zenye makuba na mwanga wa kutoka juu, wasanifu wa dunia nzima walikuja kuziona. Baker kuanzia 1925 alizivunja karibu zote, akainua ghorofa saba juu na tatu chini ya ardhi. Kazi ikaenda hadi karibu na vita ya pili. Nikolaus Pevsner, bingwa wa historia ya majengo, aliliita kosa la jinai kubwa kuliko yote ya usanifu katika City ya London karne ya 20.

Kwa hiyo kama mnatafuta kipaji, hapo si mahali pake. Soane angeamka.

Kalamu_na_Rula
Wa London, haki itendeke. Benki ilikuwa imebanwa, vita imeisha, madeni ya taifa yamepanda, watumishi wamejaa. Mwenye nyumba ndiye aliyetaka ghorofa. Angekataa Baker angepewa mwingine.

Geza wa London
Mzee, hiyo "angepewa mwingine" ndiyo inayobomoa miji. Hata kwetu Kariakoo tumeisikia.

Kalamu_na_Rula
Hapo sina jibu.

Mzee wa Tofali
Mimi nataka niseme kama mwashi, maana mnasoma sana hamshiki jiwe. Nilifanya kazi Johannesburg miaka mitatu, tukapelekwa kukarabati uzio Parktown, jirani na nyumba aliyojijengea Baker mwenyewe 1902, inaitwa Stonehouse. Mawe ni ya kilima kile kile nyumba inakokaa. Hakusafirisha. Mawe yanaoana na mwamba wa chini, hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Watu wa namna hii wanaokaa na mafundi utawajua kwenye kona, kona haidanganyi. Ofisi ya London inaweza kukupa tenda, haiwezi kukupa kona.

Kwa hiyo mimi: kipaji kidogo, koneksheni kiasi, na subira ya mawe nyingi.

Nyundo
Nimerudi. Kona haidanganyi, naandika kwenye kofia ya kazi.

Tai_Shingoni
Niongeze moja kwa wapenda kriketi, kama mpo. Uwanja wa Lord's London, jukwaa kuu la 1926 lilikuwa la Baker. Alipomaliza aliweka juu yake, bila kuombwa, kipima upepo chenye umbo la mzee mwenye fyekeo begani ameinama kwenye wiketi. Zawadi. Jukwaa lilikuja kubomolewa, lakini mzee bado yupo pale uwanjani, wamemhamishia jukwaa jingine.

Mzee wa Tofali
Fundi aliyenijengea Kibaha naye aliniachia zawadi bila kuombwa. Ufa, kutoka lenta hadi dirishani.

Binti Shangani
😂 Nao una umbo la mzee mwenye fyekeo?

Mzee wa Tofali
Una umbo la mkopo wa benki.

Kahawa_Chungu
Mnacheka, ila mmeona mfuatano? Jukwaa limebomolewa, Bunge limehamwa, Benki analaumiwa. Kilichobaki bila ugomvi ni makaburi na kipima upepo.

Patcho_Mstaafu
Na baraza za shule yetu. Usizisahau.

Tai_Shingoni
Na heshima zake. Alipewa cheo cha Sir 1926, mwaka uliofuata nishani ya dhahabu ya chama cha wasanifu wa Uingereza, na amezikwa Westminster Abbey. Lutyens majivu yake yako St Paul's. Hata kaburini hawakukaa jirani.

Kipimamaji
Wakuu, nimesoma yote. Bado nasema koneksheni, ila nimeongeza za Mzee wa Tofali na Kahawa kwenye daftari. Leo tena nilipanda kilimani. Mlinzi anasema jengo lina urefu wa mita 285. Nikalipima kwa miguu kutoka bawa hadi bawa, kwa njia ya chini ya ngazi: hatua 402.

Mzee wa Tofali
402 kwa mita 285? Hatua zako fupi, kijana. Wewe usinipimie kiwanja.

Nyundo
Au alikuwa anapanda mwinuko, jengo likamkimbia kama la mama yake MamaK.